Mstari wa Ng'ombe Kutoka Kwetu Hadi Kwako

Mpendwa mke mwenzangu Nyevu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana mimi ndiye mkubwa na ninajua ukisikia maneno yangu yanasomwa utainamisha kichwa kwanza, ndipo uanze kununa. Marahaba. Sasa usinune, sikiliza. Nataka urudi nyumbani. Ninalisema hili mwanzoni ili mchuuzi wa mbuzi anayeileta barua hii akiipoteza nusu njiani, nusu utakayoipata iwe na neno lenyewe.

Mimi kalamu siijui, nawe kusoma hujui, kwa hiyo barua hii inapita mikono mingi. Anayeandika ni Mama Mutua, jirani yetu Mkamba, mmoja wa wale waliopewa na serikali mashamba ya skimu ng'ambo ya kijito. Uliwaacha wakijenga. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asiyapige maneno yangu pasi. Sikuifunga wala kuitia gundi. Atakayekusomea na asome kwa sauti, kaka zako wasikie, na wake zao, na mpita njia akitaka kusikiliza apewe kigoda. Sina siri nawe, wala sina siri juu yako.

Moyo wangu haukai kifuani, Nyevu. Ninatembea ninaongea peke yangu, wajukuu wananifuata nyuma wakicheka. Nitakuambia kwa nini, lakini kwanza acha nikukumbushe mambo yetu, maana mtu akikaa mbali muda mrefu huanza kukumbuka vibaya.

Siku ulipoletwa hapa nilikununia. Unajua. Marehemu Mangale, mume wetu, alikuleta na kisanduku chako cha mbao, midomo umeifumba kabisa, nami nikawaambia wanawake wa jirani, "Ameniletea mtoto wa kulea." Ulisikia. Kesho yake ulikwenda zizini bila kutumwa na mtu, ukachuchumaa chini ya yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akipiga watu mateke, ukamkamua huku unamsema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsuta wifi yake. Hakuinua hata kwato. Nilisimama pale mlangoni pa zizi nikasema moyoni, haya, huyu tutaishi naye.

Halafu mbung'o wakatuvamia. Walikuwako siku zote kule kwenye vichaka vya kijito, lakini mwaka ule mvua ilizidi, vichaka vikanenepa, na wale nzi wakapanda mpaka nyumbani. Ng'ombe anakula na anakonda. Manyoya yamesimama, machozi yanamtoka, maziwa yanakatika, mwenye mimba anaitupa. Unakumbuka ule moshi? Tuliwasha samadi kavu na majani mabichi zizini tangu alasiri, wewe upande huu, mimi upande ule, tunapepea, macho yanavuja maji. Mangale akatukuta.

"Haya, mmegombania nini tena?"

Ukamjibu bila kugeuka, "Hatukugombana. Tunamlilia mume wetu."

"Mume wenu si mimi hapa?"

"Wewe unakula tu," ukasema. "Anayetulisha ni huyu." Ukampiga kofi la mgongo yule ng'ombe mwekundu.

Alicheka mpaka akaketi chini. Sikumsikia kucheka vile tena. Mwaka haukugeuka kabla hajatuacha, na nusu ya zizi ilikuwa imemtangulia.

Ndipo tukakaa wewe na mimi, wajane wawili na ng'ombe waliobaki, tukakata shauri. Wewe uwapeleke kwenu nchi kavu, kwa kaka zako, ambako mbung'o haishi kwa kuwa hana kivuli cha kujificha. Mimi nibaki na watoto na mihogo. Ulitoka kabla jua halijachomoza, mpate kuvuka msitu nzi wangali wamelala, umejifunga kanga yangu ya zambarau ambayo hujairudisha mpaka leo. Tulicheka asubuhi ile, tukicheka ili tusifanye lile jingine. Ng'ombe wa mahari yako walikuwa katika zizi lile lile la kaka zako, na sasa hawa nao wanawafuata. Ulisema, "Dada, watadhani nimerudishwa na nyongeza juu." Kisha ukasema, "Mvua ikinyesha mara mbili nitakuwa nimefika."

Imenyesha, Nyevu. Bendera ya Mzungu imeteremka, yetu imepanda, watu wamecheza ngoma mpaka miguu ikavimba, mvua imenyesha tena na tena, na wewe kimya.

Mchuuzi wa mbuzi alipopita mwezi jana nilimbana hapa barazani, nikamnyima maji mpaka aseme. Akasema kwenu jua liliwaka vibaya, malisho yakaungua, na ng'ombe wa Mangale wengi wamekwisha. Akasema ukisikia kuna mtu wa huku anapita, unaingia ndani na kuteremsha pazia. "Mama yule ana haya," akasema. Nikampa maji. Mimi sikunywa kitu siku ile.

Hilo la haya nitalirudia. Sasa pokea habari yangu kabla haijanipasua.

Serikali imetuletea kijana wa mifugo. Si Mzungu. Ni mtoto wa huku huku pwani, mwenye adabu, anampa shikamoo kila mtu hata wasiomzidi umri. Ana baiskeli, na mgongoni amebeba mkebe mrefu wa bati. Ndani ya mkebe mna ramani. Kabla hajafika, habari zilifika: kuna mtu anakuja na karatasi, anataka mambo ya ng'ombe. Basi. Shemeji yetu Ndurya, mdogo wake Mangale, ambaye siku hizi ndiye mzee wa kijiji, akawaita wanaume pembeni wakanong'ona. Unajua wanavyofikiri. Wakati wa Mzungu ng'ombe wakihesabiwa leo, kesho askari yuko zizini na kamba. Wakakata shauri la kuwaficha.

Wakawaficha wapi? Uliza tena. Kwenye vichaka vya kijito. Walimkimbia mtu wa dawa wakawapeleka ng'ombe kwa mbung'o mwenyewe, wakamkaribisha chakula. Na kwa kuwa ni wanaume, na shauri lao lilikuwa la siri, sisi wanawake hawakutuambia. Ndama wote wakabaki nyumbani katika vibanda vyao, kama kawaida, wakingoja mama zao.

Kijana akaja, tukaketi mbele ya nyumba ya Ndurya. Akaomba kitanda cha kamba kitolewe nje, akaitandaza ramani yake juu yake, akaweka mawe pembeni isipeperuke. Nilisogea nikaiona. Bahari ni buluu. Vilima vya Shimba viko, Msambweni ipo, barabara ya Lunga Lunga ipo kama uzi. Penginepo pamepakwa nyekundu, penginepo manjano. Hapa kwetu peupe.

Akasema, "Wazee wangu, mama zangu, dawa ya kuanza mahali pote kwa mara moja haipo. Wakubwa wanataka kujua ni wapi ugonjwa huu ukizuiwa, watu watapata faida kubwa zaidi. Hapo ndipo tutakapoanza. Nyekundu ni faida kubwa. Manjano ni ya kiasi. Peupe hakuna."

Ndurya akasimama, akakohoa. "Kijana wetu, karibu sana. Sisi hapa ni watu wa minazi na mihogo. Ng'ombe tunawasikia tu kwa watu."

Ndama mmoja akalia bandani.

"Nini kile?" kijana akauliza.

"Mbuzi," akasema Ndurya.

"Ana sauti nene."

"Ana mafua."

Wakalia wote. Nyevu, ilikuwa saa ya kukamua. Ndama hawajui siasa. Wakaita, na kule kijitoni mama zao wakaitika, mmoja, mwingine, mpaka msitu mzima ukawa unanguruma. Ndurya anaendelea kuhutubia habari za minazi, sauti inapanda kila ng'ombe anapopandisha ya kwake. Mara kichaka kikapasuka, akatoka Kashindo, yule ng'ombe wake mweusi mwenye pembe moja, kamba aliyofungiwa imekatika inaburuta, mgongo mweusi umejaa nzi. Akapita katikati ya baraza. Akamkanyagia Ndurya kanzu. Nyuma yake wakafuata wengine, kila mmoja akielekea kwa mtoto wake bila kumsalimu mtu.

Kijana akavua kofia kuwapisha. Akasema taratibu, "Na hawa nao ni watu wa minazi?"

Nilicheka, nisikufiche. Nilicheka nikashika mti wa baraza. Lakini nilipoangalia kile kitanda, kicheko kikanikauka, kwa kuwa nilielewa. Peupe pale ni sisi. Karatasi ile ikirudi mjini nyeupe, dawa itakwenda kwingine, mbung'o atabaki na vichaka vyake, na wewe hutarudi huku mpaka tuzikwe. Nikasimama.

"Shemeji Ndurya, keti," nikasema. "Umewaficha ng'ombe kwa anayewaua. Hata fisi asingekupa shauri hilo."

"Shemeji, maneno hayo mbele ya mgeni?"

"Mgeni ameshamwona Kashindo. Mimi nitamwonyesha nini kingine cha aibu?"

Watu wakaangua kicheko, na huo ndio uliotusaidia, maana mtu akishacheka hawezi tena kukunja uso vizuri. Kijana naye hakumdhihaki mtu. Aliitia penseli sikioni akasema, "Kuhesabu tuache. Sikuja kuhesabu. Niambieni hivi: mbung'o asingekuwako, hapa pangekuwaje?"

Swali hilo, Nyevu, hakuna mtu aliyepata kutuuliza. Kila mtu hutuuliza tuna nini. Mama Mutua huyu huyu anayeandika ndiye aliyeanza, akasema kwamba alipohama kwao Ukambani alikuja na plau juu ya lori, jembe la kukokotwa na ng'ombe, na tangu afike wanalilalia kuku, kwa kuwa maksai aliowaleta walikufa msimu wa kwanza. Ana shamba kubwa na analima kipande anachokiweza mgongo wake. "Ningekuwa na maksai wawili wazima," akasema, "mngenunua mahindi kwangu, si Mombasa." Nimemwambia aandike na hilo, asijinyenyekeze.

Mwingine akasema habari za samadi, mnazi uliotiwa samadi na ambao haukutiwa, wala huhitaji kuonyeshwa. Mwingine akasema mtoto wake amerudishwa kutoka shule kwa kukosa karo, na babu yake enzi zile alikuwa akiuza dume mmoja tu mambo yakanyooka. Mwero, mwanangu uliyemlea mgongoni mwako, yuko Galu anabeba mawe wanakojenga hoteli, naye alikuwa amekuja kupumzika. Akasema wapishi wa mahoteli ya Diani wanawatilia wageni maziwa ya kopo kwenye chai. "Ya kopo, mama, na sisi tuko hapa." Kijana anaandika, penseli inakimbia, na mimi ninamwona uso unavyong'aa. Yeye mwenyewe alikuwa na furaha kuliko sisi.

Akanigeukia. "Na wewe mama, una ng'ombe?"

"Ninao na sinao."

"Vipi hivyo?"

"Wako kwa mke mwenzangu, nchi kavu. Alikwenda nao kumkimbia mbung'o. Ana mikono ya kukamua ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, na yuko huko ananuna peke yake."

Kijana akaacha kuandika. Akawauliza wote, "Ni nani mwingine ambaye ng'ombe wake wako mbali?"

Mkono mmoja ukapanda. Halafu wa pili. Halafu Ndurya mwenyewe, taratibu kama anayeiba, akapandisha wake. Karibu kila nyumba ilikuwa na ng'ombe waliohamishiwa kwa mtu fulani huko juu, na nyumba nyingi zilikuwa na mtu aliyekwenda nao: ndugu, mke, mtoto wa kiume aliyeondoka na ndevu hana na sasa ana watoto huko. Tulikuwa tunajua, kila mtu kwake. Hatukuwahi kuyaweka pamoja.

Kijana akapiga magoti penye kitanda. Akawa anauliza wako wapi, anachora mstari kutoka hapa peupe mpaka huko. Mstari Kinango. Mstari mwingine mbele ya hapo. Mstari wako ulikuwa mrefu kuliko yote, ulifika pembeni kabisa mwa karatasi, nami nikauwekea kidole mpaka alipomaliza. Tulikuwa kama shina lililotoa mizizi. Akakaa kitako akaitazama, akasema, "Nilidhani faida ni kwa ng'ombe waliopo. Kumbe ni pamoja na wote wanaongoja kurudi." Akatoa penseli nyekundu.

Nyevu, alipaka. Polepole, kama mtu anayempaka bi harusi hina. Mimi nilimsimamia. Alipoacha pembe moja nyeupe nikamwambia, "Na pale? Pale kuna nyumba ya mjane." Akapaka na pale.

Si maneno matupu. Alisema masharti ni kufyeka vichaka vya kijito, mbung'o akose pa kulala, na kila mwenye ng'ombe awatoe wachomwe sindano bila kuwaficha. Tumefyeka. Wanaume, wanawake, watu wa skimu na sisi, Waislamu na Wakristo na wasio na upande. Ndurya alifyeka kuliko wote, kwa aibu ya Kashindo. Kijito sasa kinaonekana kutoka mlangoni kwangu. Sindano zimekuja, na za pili zimekuja. Kashindo manyoya yamelala, anang'aa, amepandisha kiburi. Moshi tunauwasha siku mojamoja tu, kwa mazoea. Mwero amenunua mtamba kwa Ndurya, mwekundu, mkorofi, anapiga mateke. Mimi simwezi. Ninamtazama na yeye ananitazama.

Kijana alipopita tena nilimuuliza jambo. Nikasema, "Ule mstari mrefu, ng'ombe wake wakiwa wamekufa huko, unaufuta?" Akafikiri. Akasema, "Mama, hilo kwenye ofisi hawakuniambia." Nikamwambia basi usiufute, kwanza tumwite mwenyewe. Akasema, "Mwite."

Ninakuita.

Sasa narudi kwenye hayo ya haya yako. Ninayajua yanakotoka. Kwa desturi yetu aliyewekewa ng'ombe, mmoja akifa, huileta ngozi kwa mwenyewe, wakaitazama pamoja, neno likaisha. Halipi mtu, halaumiwi mtu. Ninadhani ngozi zimekuwa nyingi, na kila ulipotaka kuja na moja akafa mwingine, mpaka ukashindwa kuwaza utaingiaje hapa kwa miguu yako na rundo lile kichwani, watu wakitazama. Watatazama, ndiyo. Wana macho. Mimi nitakuwa mbele yao nimesimama.

Uliwachukua ng'ombe hapa wakiwa wanakufa, ukawapa miaka. Jua hukuliwasha wewe. Kama ungebaki nao hapa, wangekufa mbele yangu kabla bendera haijapanda, na wewe ungekuwa umezeeka kwa moshi. Wewe huko nchi kavu ulikuwa ukilinda zizi la Mangale. Mimi huku nilikuwa nikilinda nini? Mihogo. Kama ni kuona haya, nitaanza mimi.

Nyumba yako Mwero ameiezeka upya. Wajukuu wanaijua kuwa ni ya bibi Nyevu na hawachezi ndani. Mchuuzi wa mbuzi atapita kwenu, atalala, na asubuhi atateremka tena. Teremka naye mpaka Kwale, na hapo Mwero atakungoja siku ya gulio, na gulio litakalofuata, na litakalofuata. Kaka zako mnaosikiliza, salamu zenu, na ahsanteni kwa malisho. Msimzuie.

Ukiwa na ng'ombe aliyebaki, aje polepole, njia ya msituni imefunguka. Ukiweza kuzibeba zile ngozi, zilete, tutaziangalia mara moja kama desturi inavyotaka, halafu tutazitandika tuzilalie, mgongo wangu siku hizi kitanda kitupu unakikataa. Zikikushinda uzito, ziache huko huko. Wewe njoo.

Kaa na amani ya Mungu mpaka tuonane, ila usikae sana.

Ni mimi dada yako na mke mwenzako mkubwa,
Mbodze